Kiti cha Kumi na Saba

Siku Fundi alipotangaza kwamba anakwenda kulitafuta lile basi, binti yake alimtazama kama mtu anayetazama sufuria inayovuja.

"Baba, basi ni basi tu. Bati na matairi. Utavuka mipaka miwili kwenda kuangalia bati?"

"Naenda kuangalia kiti."

"Hata kiti, ni yale yale."

Fundi alikuwa ameshalishusha begi la mgongoni kutoka juu ya kabati, begi la marehemu mke wake, la rangi ya udongo, lenye mkanda mmoja alioushona upya yeye mwenyewe. Alilipangusa vumbi la miaka miwili kwa kitambaa kibichi, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Kisha akatia ndani shati mbili, sindano zake ndefu, kisu cha kufumulia, kigurudumu cha uzi mweusi na mkebe wa biskuti ambao binti yake alikatazwa kuugusa tangu utotoni.

Miaka thelathini na mmoja Fundi alishona viti vya mabasi katika karakana moja, chini ya dirisha moja, akiwa amekaa juu ya kreti la soda, maana wakubwa wa kampuni hawakuona kwa nini mshona viti naye apewe kiti. Shule aliishia darasa la nne. Lakini ukimpa kiti kilichochakaa, atakuambia aliyekikalia alikuwa mnene au mwembamba, alilalia bega gani, na kama alikuwa na wasiwasi, kwa sababu wenye wasiwasi huchokonoa mishono kwa kucha.

Mkewe alikuwa muuza vitambaa. Kila baada ya wiki tatu alipanda basi la kampuni, akavuka mpaka, akanunua mali katika nchi ya jirani, akarudi. Siku moja, enzi za ujana wao, alikaa kiti cha kumi na saba, cha dirishani, akaona mshono umeachia pembeni. Akautambua mkono wa mumewe. Akachana kipande cha kitambaa, urefu wa kidole, akakipiga fundo, akakisukumiza ndani. Basi liliporudi karakana, Fundi akakikuta. Jioni akakiweka mezani kando ya sahani yake.

"Nini hiki?"

"Barua," mkewe akasema bila kucheka. "Umeacha mdomo wazi, mimi nikadhani sanduku la posta."

Tangu hapo, katika kila basi lililokwenda njia ile, Fundi aliacha nafasi ya vidole viwili kwenye kiti cha kumi na saba, chini, upande wa kulia. Abiria hawaioni na meneja haioni. Mkewe naye akawa na lugha yake. Fundo moja: nimekukumbuka. Mawili: nimechoka. Matatu: umeniudhi, na usijifanye hujui. Kwa miaka yote hiyo vipande arobaini na kitu vilikusanyika katika mkebe wa biskuti, vingi vya fundo moja, vichache vya mawili, na vinne vya matatu, ambavyo Fundi alivijua kila kimoja na kosa lake.

Hakuna aliyekuwa na habari. Wala binti yao. Kilikuwa kitu cha watu wawili.

Sasa hicho kipande cha mwisho. Hicho ndicho kilichomnyima Fundi usingizi kwa miaka miwili. Asubuhi ya safari yake ya mwisho waligombana. Presha ya mkewe ilikuwa juu. Alikwenda zahanati mara tatu akaambiwa dawa zimeisha, rudi wiki ijayo, kama vile presha nayo inasubiri wiki ijayo. Fundi akamwambia apumzike mwezi huu. Mkewe akamwambia vitambaa havijiletei vyenyewe. Maneno yakapanda. Kila safari Fundi ndiye aliyembebea begi hadi kituoni, lakini asubuhi ile akasema, "Kama kichwa chako kigumu hivyo, basi beba mwenyewe."

Mkewe akabeba. Fundi alimwona kupitia dirisha akifika kwenye kona, akasimama, akalihamisha begi kutoka bega hili kwenda lile, akapotea. Angeweza kumkimbilia. Hatua sitini tu. Hakwenda.

Mkewe hakurudi. Alifia mpakani akirudi, kwenye foleni, juani. Ofisa wa dirisha alikwenda kula, mhuri akaufungia kwenye droo, ufunguo akautia mfukoni. Watu waliambiwa washuke wote, wapange mstari, wasubiri, na wakasubiri saa tatu pasipo hata kivuli cha kamba. Mtu mwenye presha. Ukiuliza leo nani aliyemuua, utaambiwa ni kazi ya Mungu. Wakubwa wana tabia ya kumsingizia Mungu mambo ambayo yana saini zao.

Lakini kabla ya kufika pale mpakani, mkewe alikuwa amekaa nusu siku katika kiti cha kumi na saba cha basi Namba Nane. Kama alikuwa na neno kwa mumewe, neno hilo lilibaki kitini. Fundo moja, au matatu. Fundi hakutaka kujua kitu kingine duniani.

Kampuni ilimpa siku tatu za msiba. Ya nne alirudi kazini, na kitu cha kwanza akauliza, Namba Nane liko wapi.

"Limeshauzwa," meneja akasema, macho kwenye simu. "Kuna gari la mteja nyuma huko, viti vimeshashushwa. Arobaini na tisa, siku nne. Usifumue, utatuchelewesha. Chana, tupa, vika vipya."

Akachana, akatupa, akavika vipya. Tangu alipomzika mkewe alishonea uzi mweusi tu, hata kwenye kiti cha bluu. Meneja akalalamika kwamba anafanya viti vya kampuni vionekane vya msiba. "Ni vya msiba," Fundi akamjibu, na jibu hilo, wanasema, ndilo lililomfanya apumzishwe kabla ya mwaka kwisha. Walimuaga kwa saa ya ukutani. Betri haikuwemo.

*

Walisafiri watatu. Konda na Rangi walikuwa wenzake wa karakana, wastaafu kama yeye. Konda alikuwa kondakta wa mabasi yale maisha yake yote, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini, na mdomo usio na breki. Rangi alikuwa mpaka rangi wa kampuni, mtu wa maneno machache, kucha zake bado zina kijani na bluu ambazo hakuna sabuni iliyowahi kuzitoa. Miaka yote, wakila chakula cha mchana chini ya ukuta wa karakana, walikuwa wakiahidiana kwamba wakistaafu watapanda basi kama abiria, begi mgongoni, waende mpaka njia iishe.

"Tumesafirisha dunia nzima," Konda alikuwa akisema, "nyinyi mmefika wapi? Getini. Mimi nimefika kote nimening'inia mlangoni."

Kwa hiyo Fundi alipowaambia anataka kuliona basi alilopanda mkewe mara ya mwisho, Konda hakuuliza mara mbili. Ndiye aliyekuwa na habari: madereva walimwambia Namba Nane liko nchi ya tatu, limepakwa nyeupe, linatoka mji wa mpakani kila asubuhi saa nne. Konda aliwahi kulifanyia kazi na angelitambua hata likivaa baibui, kwa sababu ya bonde la bati lililobonyea juu ya mlango wake, ambalo alilipiga mwenyewe kwa ngazi ya mizigo.

Asubuhi ya safari Konda alitokea na mabegi mawili mapya ya mgongoni, lake na la Rangi, mekundu, yenye vifungo vingi visivyojulikana kazi yake.

"Mnaonekana watoto wa chekechea," Fundi akasema.

"Nyamaza wewe. Watalii wanavaa hivi hivi. Rangi, geuka akuone. Umeona? Mtalii kamili, amekosa kofia tu na adabu."

Rangi alitabasamu kidogo. Fundi akalivaa begi la mkewe. Lilimkaa vizuri kuliko alivyotarajia, mkanda ukiwa umefungwa bado kwa kimo cha mkewe, na hakuurefusha.

Basi la kwanza lilikuwa na viti vibovu. Fundi alivipapasa akasonya: sponji ya magodoro, mshono wa kukimbilia, mtu aliyelipwa kidogo akashona kidogo. Konda naye alimkosoa kondakta kutoka kituo hadi kituo. "Mwanangu, mlango haufungwi hivyo! Utamkata mama wa watu kisigino!" Kondakta akamwuliza kama anataka kazi. "Niliiacha," Konda akasema, "ndiyo sababu inakushinda." Gari zima likacheka. Hata Fundi alicheka, na kicheko kikamshtua, kama mtu anayesikia mlango wa chumba kisichokaliwa ukifunguka.

Mchana wakafika mpaka wa kwanza. Ule.

Sasa palikuwa na paa. Bati jipya, nguzo za chuma, benchi mbili, na ukutani kibao cha jiwe kinachong'aa, chenye jina la mkubwa aliyekuja kulizindua paa hilo, cheo chake, na tarehe. Fundi alikisoma herufi kwa herufi. Jina la mkewe halikuwepo. Walimhitaji afe ndipo wapate wazo la kivuli, na kivuli wakakipa jina la mtu mwingine.

"Ndiyo hapa?" Konda akauliza polepole, akavua kofia.

"Pale. Penye pipa la taka."

Wakasimama foleni. Dirishani hapakuwa na mtu. Ofisa amekwenda kula, wakaambiwa. Konda akatukana kwa sauti ya chini. Fundi hakutukana. Aliliweka begi chini, akakaa juu ya benchi la yule mkubwa, na pale pale, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akawatolea wenzake ile siri: nafasi ya vidole viwili, vipande, fundo moja na mafundo matatu. Akafungua mkebe, akawaonyesha. Akawaambia alichomwambia mkewe asubuhi ile.

"Kwa hiyo siendi kuangalia basi," akamaliza. "Naenda kusoma barua yangu."

Konda alijifuta macho kwa kofia. "Kumbe shemeji! Alikuwa anasafirisha barua kwenye gari langu na hakukata tiketi ya mzigo!" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Fundo moja, ndugu yangu. Utakuta moja. Shemeji hakuwa mtu wa kuweka kitu moyoni."

"Alikuwa anaweka. Vinne humu ni vya matatu."

Rangi alikuwa ameshika kipande kimoja, cha maua madogo, akikitazama. Alikirudisha kwenye mkebe kama kinamchoma.

"Hicho kiti cha Namba Nane," akauliza, "mara ya mwisho ulikishona lini?"

"Miezi mitatu kabla hajafa. Baada ya pale sikuliona tena lile gari. Walishaliuza."

"Walikuambia wameliuza."

"Si nilikwambia wakati ule? Siku ya nne tu. Hawakunipa hata nafasi ya kulipa mkono wa kwaheri."

Rangi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na mkate mkononi, akampa Konda. Ofisa akarudi akijichokoa meno, akagonga mihuri mitatu kwa dakika moja. Dakika moja! Fundi aliihesabu. Kazi ya dakika moja ndiyo iliyomwua mtu.

*

Nchi ya pili waliipita kwa siku mbili. Walipanda mabasi yaliyojaa na mabasi matupu, wakala mayai ya kuchemsha vituoni, wakalala chumba kimoja chenye vitanda vitatu na taulo moja, ambayo Konda aliipangia zamu kama choo cha stendi. Mjini kwenye soko la vitambaa Fundi alitembea kati ya vibanda saa nzima bila kununua kitu. Mama mmoja muuzaji alilitazama begi lake, akamtazama yeye, akalitazama begi tena.

"Baba, begi hili nalijua. Mwenyewe haonekani siku hizi. Hajambo?"

Fundi alisema hajambo. Hakujua kwa nini. Ilimfurahisha kwamba mahali pamoja duniani mkewe alikuwa bado mzima, ila haonekani tu.

Rangi alikuwa hali chakula. Konda akamtania kwamba anafunga ili aingie mbinguni akiwa mwembamba, mlango wa huko mdogo. Asubuhi ya siku ya tatu, Konda akiwa bafuni anaimba, Rangi alikaa ukingoni mwa kitanda, viatu mkononi.

"Fundi. Na kama hakipo?"

"Kitakuwepo. Nani anafumua kiti kizima?"

"Watu wanafumua."

"Fundi wa kweli hafumui kizima."

"Na akiamrishwa?"

Fundi akacheka kwa uchungu. "Akiamrishwa na wale, mwenzangu, atamfumua hata mama yake."

Rangi akavaa kiatu kimoja, akakivua, akakivaa tena. Alifungua mdomo. Konda akatoka bafuni anatiririka maji, anadai taulo, na mdomo wa Rangi ukafungwa.

Mpaka wa pili haukuwa na foleni. Ofisa, dada mwenye miwani, alimuuliza Fundi kusudi la safari.

"Kiti," Fundi akasema.

"Nini?"

"Utalii, mheshimiwa," Konda akadakia, akigeuka kumwonyesha begi jekundu. "Sisi ni watalii. Tazama vifungo."

Yule dada akajizuia kucheka, akashindwa, akawagongea mihuri.

*

Lilikuwa limeegeshwa ukutani, mwisho wa stendi. Jeupe, mistari ya kahawia, na juu ya mlango, bonde kama bakuli.

"Mke wangu wa kwanza huyo," Konda akasema.

Fundi akamwendea dereva, mtu mnene aliyekaa kwenye ngazi anakunywa chai, akamwamkia, akamwomba aangalie kiti cha kumi na saba.

"Mzee, umepoteza nini? Pochi?"

"Barua."

"Gari linaondoka baada ya dakika ishirini. Na hicho kiti kina mtu, mama yule pale mwenye mzigo. Usije ukanivurugia."

"Nimeshona viti hivi kabla wewe hujapata leseni."

Dereva akamtazama mikono, vidole vilivyopinda kwa sindano, akasogea kumpisha.

Ndani harufu ilikuwa ile ile, vumbi, mafuta na ngozi ya plastiki iliyokaa juani. Safu ya tano, dirishani. Fundi akapiga magoti kwenye njia. Akaingiza mkono chini, upande wa kulia, akitafuta kwa vidole viwili ile nafasi, mahali alipopajua kuliko sura yake mwenyewe.

Hapakuwa na nafasi. Mshono ulikuwa umefungwa mwanzo hadi mwisho.

Basi wamekishona upya huku, akajiambia. Fundi wa huku ameona tundu, akaliziba. Huenda hakugusa ndani. Akalegeza nati mbili, akauinua mto wa kiti, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Uzi ulikuwa mweusi.

Akautazama. Pembeni, mshono ulirudi nyuma mara tatu, ukajifunga, ukakatwa kwa mshazari. Mafundi wengine hurudi mara mbili. Hakuna mtu duniani aliyerudi mara tatu ila yeye. Mkewe alikuwa akimcheka kwamba anafunga viti kana kwamba vitatoroka.

Ule ulikuwa mkono wake. Na uzi mweusi hakuwahi kuushika kabla ya siku aliyomzika mkewe.

Akaketi chini, kwenye njia, mto mapajani.

"Rangi," akaita.

Rangi alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakuuliza kuna nini. Alitoa funguo mfukoni, akakwangua kidogo rangi pembeni mwa mlango. Chini ya nyeupe kulikuwa na kijani. Akakwangua tena. Chini ya kijani, bluu ya kampuni.

"Kijani ni yangu," akasema. "Ndiyo lile gari la mteja. Walileta Namba Nane siku ya pili ya msiba wako. Wakasema mnunuzi hataki kuona bluu. Nikalipaka kijani, wakabadilisha namba, wakashusha viti wakavirundika nyuma. Ulipokuja siku ya nne nilikuona unachana. Sikujua, Fundi. Sikujua kama kuna kitu ndani. Wewe hukuniambia mpaka pale mpakani."

"Ukanyamaza siku tatu."

"Nilikosa mdomo."

"Ungeniambia turudi!"

"Turudi wapi? Miaka miwili ulikuwa unakaa dirishani unaangalia kona. Nilipokuona kwenye lile basi la kwanza unacheka..." Hakumaliza.

Fundi akasimama na mto mkononi, akawaka. Akamtukana meneja na ukoo wake. Walimwambia limeuzwa, na lilikuwa hatua thelathini nyuma ya mgongo wake! Gari la mteja! Siku nne, usifumue, chana! Nani anampa mfiwa viti arobaini na tisa kwa siku nne? Alipiga kelele mpaka dereva akachungulia, na kila neno lilikuwa la haki, na kila mtu mle ndani alijua ni la haki. Kisha sauti ikamwisha.

"Kabla ya siku ile sikuwahi kuchana kiti kwa kisu," akasema taratibu. "Miaka thelathini na mmoja. Ningefumua ningekiona. Waliniambia nichane, nami nikachana."

"Uliamrishwa," Konda akasema.

"Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Na zile takataka nilizichoma mwenyewe, kwenye pipa. Upepo ulileta moshi, nikageuka nikaupa mgongo."

Alikumbuka jinsi ngozi za plastiki zilivyonuka. Kitambaa hakinuki sana kikiungua. Kipande cha urefu wa kidole hata hukisikii.

Pamoja na hayo akatoa kisu cha kufumulia. Akafumua, uzi baada ya uzi, bila kuharakisha, kama alivyopaswa kufanya siku ile. Akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Sponji, mbao, vumbi. Akatoa mkono, akakunja vidole kuangalia kama kuna kitu. Hakikuwepo.

Akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kukirudishia mshono. Alipofika upande wa kulia, chini, mkono ukasimama wenyewe mahali pa vidole viwili, kama punda anayejua nyumbani. Akaungoja. Kisha akapashona pia. Hapakuwa tena na mtu wa kuandika. Akarudi nyuma mara tatu, akakata kwa mshazari.

"Konda. Unadhani yalikuwa mangapi?"

"Moja," Konda akasema upesi.

"Mimi nadhani matatu."

Konda akainama, akamwokotea nati mbili za kiti.

Fundi alipotoka, abiria walikuwa wamejipanga mlangoni. Wa mbele alikuwa yule mama wa kiti cha kumi na saba, mtu wa makamo, amebeba begi kubwa lililomlemea bega moja. Alikuwa analihamishia bega la pili. Fundi alisimama kwenye ngazi, akashindwa kupita. Kisha akanyoosha mikono.

"Lete, mama."

"Hapana baba, ni zito hili, utajiumiza."

"Lete."

Akalibeba. Akapanda nalo, akalisukuma kwenye rafu juu ya kiti, akalisogeza lisije likaanguka kwenye kona. Mama alikaa, akajinyoosha, akapapasa mto wa kiti.

"Ahsante sana. Wangu mimi hata mlangoni hanisindikizi."

Fundi alilisukuma begi tena kidogo, akageuka.

"Mwambie akusindikize," akasema. "Usimsubiri ajue mwenyewe. Mwambie."

Akashuka. Dereva akawasha, basi likanguruma kwa ile sauti yake ya kukohoa waliyoijua watatu wote, likatoka stendi na bonde lake juu ya mlango. Walilitazama mpaka likakata kona. Konda akalipungia kofia.

Begi la mke wa Fundi lilikuwa chini, kwenye saruji. Rangi akaliinua taratibu, akalitupia begani juu ya lile jekundu, labda ndiyo njia pekee aliyoipata ya kuomba radhi.

"Lete hapa," Fundi akasema.

"Acha nikusaidie mpaka pale tu."

"Lete. Hili nabeba mwenyewe."

Akalichukua. Wakaanza kurudi kuelekea mpakani, Fundi mbele, wenzake nyuma. Kwenye kona ya kwanza akasimama, akalihamisha begi kutoka bega hili kwenda lile, akaangalia nyuma mara moja, akaendelea.